Droni ikishapaa, mnyama ndiye anayeamua

Vijana wanaonifuata wakitaka kuingia kwenye kazi hii ya kurekodi wanyamapori kwa droni huanza kwa kuuliza wanunue droni ipi. Swali lina haki yake. Ila mimi huwarudishia jingine: mnyama unayetaka kumrukia unamjua? Akiwa ametulia anasimamaje, na wasiwasi ukimwingia ni kipi kinachobadilika kwanza, masikio, shingo au mwendo? Kuendesha chombo chenyewe ni ujuzi wa mikono, na mikono hujifunza haraka. Droni za siku hizi hujisimamisha zenyewe angani. Ukiachia vijiti vya rimoti, inabaki pale pale ikikusubiri. Kilichonichukua miaka ni kujua lini nisiirushe na, ikiwa tayari iko hewani, lini niirudishe.

Siku ya kurekodi, sanduku langu la droni hukaa limefungwa kuliko linavyokaa wazi. Tunaamka kungali giza, tunasogea hadi umbali tuliokubaliana, tunazima injini, tunakaa. Mpiga picha wa chini ana lenzi yake ndefu, fundi sauti ana maikrofoni zake, mimi nina darubini. Saa za kwanza mara nyingi ni zao, kwa sababu propela zikishaanza kuzunguka mvumo wake unaingia kwenye kila maikrofoni iliyo karibu. Sauti ya picha za angani haitoki kwenye droni hata siku moja. Ile milio ya nyasi, maji na kwato unayoisikia ukitazama kundi kutoka juu imerekodiwa ardhini, pengine siku nyingine, au imetengenezwa studio. Kwa hiyo rubani hupangiwa zamu, na akiwa nje ya zamu kazi yake ni kutazama. Mimi huihesabu saa hiyo ya darubini kuwa ndiyo kazi hasa. Nikiwatazama wanyama kwa muda mrefu kabla sijawaingilia, nikipaa nitajua nini kimebadilika.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni mlio. Propela hutoa mvumo mwembamba wa juu unaopanda na kushuka kila droni inapojirekebisha dhidi ya upepo. Mtu aliyesimama mbali kidogo huusahau upesi, maana akili yake yote iko kwenye skrini. Mnyama yeye anausikia, na hajui kile kitu kinatafuta nini. Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha kazi waliyoifanya Minnesota kwa dubu weusi wa porini. Dubu walikuwa wamewekewa vifaa vya kupima mapigo ya moyo mwilini, kisha droni ikapitishwa juu yao. Kwa macho, wengi hawakuonyesha lolote. Lakini mioyo ilikwenda mbio, na ongezeko kubwa kuliko yote lilifikia mapigo 123 kwa dakika juu ya kiwango cha kabla ya kurusha. Tangu niusome utafiti huo, mtu akiniambia mnyama "hakukimbia" hainitoshi tena. Kutokukimbia kunaweza kuwa utulivu, na kunaweza kuwa hofu iliyoganda.

Kwa tembo kuna jambo la ziada, nalo ni nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini kandokando ya macho na ndani ya mkonga ni laini, na nyuki wanajua pa kuuma. Mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha nchini Kenya, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2007, kwamba tembo wakisikilizishwa kwa spika sauti ya nyuki waliochokozwa huondoka zao. Droni nayo inavuma. Huko Tanzania, kwenye mipaka ya hifadhi, droni zimetumika makusudi kuwaondoa tembo mashambani, na zikafanya kazi hiyo vizuri. Fikiria maana yake kwangu: kile chombo ambacho mkulima anakitumia kumfukuza tembo, mimi natakiwa nikitumie kumpiga picha akiwa hana habari. Ukilielewa hilo, huwezi kuwarukia tembo jinsi unavyorukia mlima.

Utaratibu wangu wote umejengwa juu ya mlio huo. Naanza na upepo. Nasimama upande ambao upepo unatoka kwa wanyama kuja kwetu, ili harufu yetu na kelele za kupaa zipelekwe nyuma, mbali nao. Upepo huo huo unaifaa betri: droni inawaendea wanyama ikipambana na upepo wakati chaji imejaa, na inarudi ikisukumwa wakati chaji imepungua. Anayepanga kinyume hujikuta na chaji kidogo, upepo usoni, na msitu kati yake na droni. Kisha napaa mbali, napanda juu nikiwa bado mbali, ndipo nasogea kwa mwendo mmoja wa polepole. Simshukii mnyama wima. Hilo nalo limepimwa. Nchini Ufaransa, utafiti mwingine wa mwaka 2015 uliwapelekea bata, flamingo na ndege wengine wa majini droni ndogo kwa kasi na pembe mbalimbali. Kwenye safari nyingi ndege waliiacha isogee hadi mita 4, na rangi wala kasi yake havikuleta tofauti. Ila ilipowajia wima kutoka utosini waliitikia zaidi. Nafikiri kila ndege anajua ni nani hushuka kwa mtindo huo. Na zile mita 4 zisimdanganye mtu akazichukua kuwa kibali. Ndege mwenye mayai ana mahesabu mengine kabisa, na mimi makoloni yenye mayai siyarukii bila mtaalamu wa ndege hao kusimama kando yangu.

Kivuli pia. Asubuhi jua likiwa chini, kivuli cha droni huanguka mbali na droni yenyewe, kwa hiyo unaweza kudhani uko pembeni ya kundi kumbe kivuli chako kinakatiza katikati yao.

Mahali nilipofundishwa kusoma dalili ni kwenye mto wa mchanga, mwishoni mwa kiangazi. Maji ya juu yalikuwa yameisha, na tembo walikuwa wakichimba visima kwa miguu na mikonga, wakingoja maji yajichuje taratibu chini ya shimo. Kutoka garini ulikuwa unaona migongo tu. Mwongozaji wa filamu alitaka picha ya juu, na alikuwa sahihi: ni kutoka juu ndipo ungeona kwamba kila mkubwa ana shimo lake, kwamba wadogo wamejipanga nyuma ya mama zao, na kwamba kuna madume vijana pembeni wanaosubiri shimo liachwe. Hadithi nzima ya kiu ile ilikuwa kwenye mpangilio wao, na mpangilio hauonekani ukiwa usawa wa magoti yao.

Tulikuwa na mzee mmoja mfuatilia nyayo ambaye amezeeka na tembo. Nilipopaa alikaa kando yangu, skrini hakuitazama hata mara moja. Droni ilikuwa mbali bado, na kwenye skrini yangu kundi lilionekana limetulia. Akanigusa bega.

"Kijana wangu, mama kasimama."

"Mzee, si wote wamesimama?"

"Wale wanakunywa. Yeye kasimama."

Nikainua macho. Jike kiongozi alikuwa ameuacha mkonga ndani ya shimo bila kuuvuta, na masikio yake, yaliyokuwa yakipepea tangu alfajiri, yalikuwa yamesogea mbele kidogo na kutulia tuli. Alikuwa anasikiliza. Nikaanza kurudi nyuma kwa njia ile ile niliyoijia, sikupanda wala sikugeuka ghafla, hadi masikio yakaanza kupepea tena. Mwongozaji, aliyekuwa garini na monita yake, aliona tembo wanazidi kuwa wadogo.

"Kaka, unakwenda wapi? Fremu ndiyo hiyo!"

"Kiongozi amesikia, bosi. Narudi nyuma kwanza."

Siku hiyo hatukupata alichokitaka, na alikasirika, na sikumlaumu. Yeye ndiye anayejibu kwa wenye fedha. Tulirudi asubuhi zilizofuata tukiwa na lenzi ya kuvuta kwenye droni badala ya ile pana, tukasimama mbali zaidi, tukapanda juu zaidi, tukangoja upepo ukae upande wetu. Picha iliyopatikana ni pana kuliko aliyoifikiria mwanzoni. Ndani yake kuna ndama anayepiga magoti akiuingiza mdomo wake kwenye shimo la mama yake, na mama anasogeza mguu kumpisha. Tembo mwenye hofu hapishi mtu shimoni. Angekuwa amesikia droni, angekuwa amemsukuma ndama katikati ya kundi na wote wangekuwa wameshaanza kuondoka, na shimo lililowagharimu asubuhi nzima kuchimba wangeliacha.

Tangu wakati ule nimekuwa nikikusanya dalili za namna hiyo mnyama kwa mnyama. Twiga wakielekeza shingo zote upande mmoja, wamekuona. Swala hupiga mguu chini na kukoroma kabla hajaruka. Flamingo huinua shingo zote kwa pamoja, kisha huanza kutembea wakiwa wamebanana. Ukiona kutembea huko bado una nafasi ya kuondoka kabla hawajapaa, na ukingoja zaidi umechelewa. Mamba anayeota jua huteleza majini, na watu huona ni jambo dogo, lakini lile jua ndilo linalompa joto la mwili. Kila akiteleza kwa sababu yako umemnyang'anya kitu.

Simba ni somo la pekee. Simba aliyelala mara nyingi haiinulii droni hata kichwa, na ndiyo maana marubani wageni humpenda. Lakini akianza kuwinda, mambo yanageuka. Mlio unaweza kumfanya swala ainue kichwa kwa wakati ambao asingekiinua, na simba jike aliyetambaa kwenye nyasi kwa muda mrefu akakosa chakula cha watoto wake. Au kinyume chake: swala akawa anatazama juu, kule kwenye mvumo, wakati hatari iko chini. Vyovyote vile, wewe umeingia kwenye windo. Ndiyo maana windo nalirekodi kutoka juu sana na kwa lenzi ndefu, ama silirekodi. Nimewahi kubishana juu ya jambo hili na watu ninaowaheshimu, na msimamo wangu haujabadilika.

Isieleweke kwamba naona droni ni balaa. Kuna mambo ambayo bila jicho la juu tusingeyaelewa. Kwenye maji ya kina kifupi ya Florida Bay, huko Marekani, pomboo mmoja huzunguka kundi la samaki akitimua tope kwa mkia hadi duara lifungwe, samaki wanaruka kulikimbia tope, na pomboo wengine wako nje ya duara midomo wazi. Ukiwa kwenye boti unaona maji yaliyochafuka na samaki wanaoruka. Ukiwa juu unaona mpango. Nyangumi wenye nundu nao hulisha kwa kuzungushia samaki pazia la mapovu, na duara lile huonekana wazi likitazamwa kutoka juu. Picha ya angani inayonivutia ni hiyo inayoonyesha nani yuko wapi na kwa nini. Ile ya kuzunguka-zunguka juu ya nyumbu kwa sababu tu inapendeza, mhariri huikata baada ya sekunde mbili, na anafanya vyema.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, maana miongozo imejaa kila mahali. Muda wa kuruka ulioandikwa kwenye boksi umepimwa mahali pasipo upepo. Porini panga kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na anza kurudi ukiwa na akiba. Betri iliyotoka kuruka kwenye joto iache ipoe kabla ya kuichaji. Kwenye baridi ipashe kwanza. Kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi, propela zinazunguka zaidi ili kubeba uzito ule ule, na mlio nao unaongezeka, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Usirekebishe dira ya droni ukiwa kando ya gari, chuma kinaidanganya. Urefu wa kurudi nyumbani, yaani kimo ambacho droni hupanda ikijirudisha yenyewe, uupange juu ya mti mrefu kuliko yote ya hapo. Na vichujio vya kupunguza mwanga uwe navyo vya kutosha, kwa sababu ukirekodi fremu 25 kwa sekunde unataka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikae karibu na sehemu ya 50 ya sekunde, la sivyo mwendo wa mnyama unaonekana wa kukatika-katika.

Ndege wawindaji wanastahili maneno zaidi. Tai huona droni kama mvamizi wa anga lake. Australia tai wanajulikana sana kwa kuzishambulia droni za wapima ardhi. Adhuhuri hewa ya joto inapopanda ndipo wanapopaa kwa wingi, na hiyo ni sababu nyingine, mbali na mwanga mbaya, ya kukaa chini mchana. Tai akikujia, panda wima kwa nguvu zote. Hushambulia akitoka juu, na kupanda haraka kwa mabawa ni kazi nzito kwake. Akikuacha, rudi, na eneo lile lihame kwa siku hiyo, maana huenda kuna kiota. Watu huhuzunikia droni iliyoanguka. Mimi nawaza ukucha uliovunjika kwenye propela, maana tai asiyeweza kushika windo hafi siku hiyo, anakufa kwa njaa baadaye, na hakuna atakayemrekodi.

Kwa sababu hizi zote, sirushi tena bila mwangalizi. Kanuni za nchi nyingi hutaka rubani aione droni kwa macho yake, na Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya kikomo cha kawaida ni takriban mita 120 juu ya ardhi. Hifadhi nyingi hazikuruhusu kabisa bila kibali maalumu. Hifadhi za taifa za Marekani zilipiga marufuku mwaka 2014. Lakini mwangalizi ninayemzungumzia mimi hatazami droni. Anatazama mnyama, kazi yake ni hiyo tu, na huwa namwomba awe mtu anayemjua mnyama huyo kutuzidi sote. Kabla hatujatoka kambini tunakubaliana mbele ya mwongozaji: mtu yeyote, awe mfuatilia nyayo, dereva au msaidizi wa kubeba betri, akisema "rudisha", narudisha. Maelezo baadaye. Nimeona timu za filamu ambazo neno hilo ni la bosi peke yake, na nimeona jinsi dereva anayejua kabisa kwamba nyati wameanza kukasirika anavyonyamaza kwa sababu hakuulizwa.

Wanaoniona nazidisha huwakumbusha mambo mawili ambayo dunia iliyaona. Mwaka 2018 ilisambaa video ya dubu na mtoto wake kwenye mteremko wa theluji mkoani Magadan, Urusi. Watu waliipenda, mtoto anateleza, anapanda, anateleza tena, hatimaye anamfikia mama. Wanasayansi walioitazama waliona kingine: mama anayetazama juu kwenye kamera, anayejaribu kuikimbia droni kwa kupita mahali pa hatari. Na mwaka 2021, huko Bolsa Chica, California, droni iliangukia kisiwa cha mchanga ambapo maelfu ya ndege wa baharini walikuwa wakiatamia. Ndege waliondoka, wakaacha mayai yapatayo 1,500 au zaidi, na mayai yale hayakuanguliwa. Droni moja, tena ndogo.

Sasa zimekuja propela zisizopiga kelele nyingi na kamera zenye lenzi za kuvuta, na nazipokea kwa shukrani. Ninachokiona, hata hivyo, ni kwamba watu wanaugeuza ukimya ule kuwa sababu ya kusogea karibu zaidi, na ile nafuu aliyopaswa kuipata mnyama inaliwa na sisi.

Ndiyo maana siku hizi kazi yangu haimaliziki droni ikitua. Jioni, tukihamisha kadi, nakaa na msaidizi wa data tunapitia klipu moja moja. Kila mahali mnyama alipoinua kichwa kwa sababu yangu, alipobadili njia au kumwita mtoto, naandika kwenye kumbukumbu za klipu kwamba amesumbuliwa na picha isitumike. Mhariri yuko mbali, hakuwepo, na kwake kundi linalokimbia ni picha nzuri yenye nguvu. Hana namna ya kujua linamkimbia nani. Mwongozaji yule wa mto wa mchanga alinipinga mwanzoni, kwa sababu baadhi ya klipu hizo ni za kupendeza kweli. Tulizungumza hadi usiku. Sasa safu hiyo ya maelezo iko kwenye fomu za filamu zake zote, na ikiwa tupu ananipigia simu kuuliza kama nimesahau kuijaza.